Matone Matatu Juu ya Kigae

Kigae ni cheupe, kipana kama kiganja,
kimemeguka ukingoni tangu mwaka bomba lilipopasuka.
Juu yake naweka matone matatu ya damu yako
na kila tone nalikutanisha na mgeni wake:
dawa ya buluu, dawa ya manjano,
na ya tatu isiyo na rangi, ambayo ndiyo huzua maneno.
Kisha nakiinamisha huku na huku
kama anayepepeta mchele akitafuta mawe.

Damu ikiganda vidonge, kama uji uliokorogwa kwa haraka,
imemtambua mgeni. Ikibaki laini, haimjui.
Ndiyo elimu yote. Dakika mbili,
na nje Barabara ya Juja inapiga honi.

Yako, Nyanchama, ilibaki laini mara tatu.
Nikaandika kwenye kadi ya kliniki: O, hasi.
Ukasoma, ukaketi.
"Hasi? Nimekosa nini?"
Hujakosa kitu. Lugha ndiyo iliyokosa neno la upole.
Kuna kivazi kidogo ambacho chembe za damu za wengi huvaa;
zako zilizaliwa bila hicho, na hazioni baridi.
Ila mtoto akimrithi babake, akavaa,
damu zenu zikutane siku ya kujifungua,
mwili wako utajifunza kumchukia mgeni yule.
Wa kwanza atapona. Atakayelipa ni mdogo wake.
Kwa hiyo kuna sindano. Usiikose sindano.
Nilirudia mara ngapi? Ukasema, "Daktari, nimesikia,"
nami si daktari, lakini siku hiyo sikukusahihisha.

Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji.
Hawakuwahi kufanya zamu ya usiku hapa.

Alhamisi ulipoletwa, shuka limelowa,
kaka yako Ombati alikuwa keshakunja shati hadi begani,
mkono wa mbeba saruji, mishipa kama kamba za kisima.
"Chota," akasema. "Tulinyonya ziwa moja."
Tone lake likakutana na dawa ya buluu
likaganda palepale.
Nilimwonyesha. Alikitazama kigae
kama mtu aliyefukuzwa kwao kwa barua.
"Lakini ni dada yangu," akasema, si kwangu, kwa kigae.

Kwenye friji palikuwa na mfuko mmoja wa aina yako.
Mmoja. Ukatundikwa.
Ombati akapiga simu, jirani akagonga mlango baada ya mlango,
na saa tisa usiku akaingia Kimanthi, keateka wa ploti yenu,
kandambili miguuni, fungu la funguo kiunoni,
yuleyule aliyetia kufuli mlango wako mwezi wa tano
ukalala kwa shemeji, vyombo kwenye karai.
Alitoa kadi ya mchangiaji, imekunjwa mara nne.
"O hasi," akasema. "Waliniambia nikiwa shule. Niliitunza tu."

Sikuiamini kadi. Kadi haiingii mshipani.
Nikampima upya, nikapima na magonjwa,
nikaichanganya damu yake na yako kwenye kichupa
nikangoja, kama aliyewafungia mahasimu chumba kimoja.
Zilikaa kimya.
Hazikuulizana kodi.

Mtoto ni chanya, kama babake.
Sindano ulichomwa kabla ya siku tatu kwisha;
nilisimama mlangoni nikihakikisha, muuguzi akanuna.

Nasikia mwezi uliofuata Kimanthi alitia kufuli tena.
Alidai kodi. Damu hakudai.

Nami nakiosha kigae, nakifuta, nakiweka chini ya taa.
Foleni imefika kwenye ngazi.
Anayefuata ni kijana wa bodaboda, helmeti mapajani,
anauliza kama ni lazima ajue, na yeye si mgonjwa.
Lete kidole, namwambia.
Ndiyo wakati wa kujua.